Ubao Usiopigwa Msumari

Udongo ndio ulioniulia mtoto. Hivyo ndivyo nilivyoamini miaka ile, na hakuna aliyethubutu kunibishia. Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo Kadutu, chini kabisa kwenye mteremko, mahali ambapo maji ya mvua ya kila jirani aliye juu yako hupita kwako kwanza kabla ya kwenda ziwani. Sakafu ilikuwa ya udongo. Niliikandika mwenyewe kwa samadi ya ng'ombe na majivu meusi ya mkaa, nikaisugua ikang'aa, lakini mvua zikianza ilitoa jasho. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa amejua kutambaa. Akatambaa juu ya jasho lile, akaanza kukohoa, na mvua hazijakatika tukamzika. Muuguzi wa dispensari alisema neno moja tu la Kifaransa, humidité, yaani unyevu, akageukia mgonjwa mwingine. Mimi nikalishika neno lile nikaondoka nalo.

Mpangaji aliyetutangulia alikuwa amekandamiza vizibo vya chupa za bia kwenye udongo wa kizingitini ili miguu isiteleze. Binti yangu alikuwa na kimoja alichokipenda kuliko vyote. Alikikwangua kwa ukucha kila siku, akiguna, kama mtu mwenye hakika kwamba kitatoka.

Kwa hiyo mume wangu alipopata kiwanja Cimpunda, nilimpa sharti moja tu. Kuta ziwe za matofali mabichi, mabati yawe na kutu, kwangu sawa. Ila mtoto wetu mwingine hatagusa udongo ndani ya nyumba yangu. Wakati huo mimba ilikuwa imeanza kuonekana, na mwanamke mwenye mimba aliyekwisha kuzika habishiwi. Mume wangu akasema sawa.

Simenti katika miaka ile ya Zaïre ilikuwa habari ya watu wenye ndugu ofisini. Sisi wengine tulikuwa na Article 15, ile sheria ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeiona imeandikwa: jitafutie mwenyewe. Basi nikajitafutia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha asubuhi, na kila mchana nikawa napita kwa wauza mbao wa Kadutu nikizibonyeza mbao zao kwa kidole kana kwamba nanunua parachichi. Za bei yetu zilikuwa za mikaratusi, mbichi, bado zinalia maji. Nilijua zingejikunja kabla sijajifungua. Rahisi huvunja upishi, nami sikuwa na upishi wa pili.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye koti asilolivua hata kwenye jua. Alinitazama nikizunguka, akacheka.

"Citoyenne, hii ya mikaratusi itakusumbua. Kuko nyumba moja kule chini, karibu na maziwa, ya bazungu. Benyewe balienda zamani. Ule mwenye alibakia nayo anaibomoa, anataka kujenga ya étage, gorofa. Parke yake, ile mbao ya chini, iko mukavu kabisa, na anaitoa kwa bei ya kuni."

Tulishuka naye hadi ziwani. Paa lilikuwa limekwisha kutolewa, na jua liliingia katika vyumba ambavyo nadhani havikuwahi kuliona. Mbao za sakafu zilikuwa za mvule, nzito, nyeusi kwa umri, bila tundu hata moja la mchwa. Nilikwisha kuzipenda kabla sijafika chumba cha mwisho. Humo nikasimama. Kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha, sakafu ilikuwa imelika, njia nyembamba ya upana wa miguu ya mtu mmoja. Mwisho wa njia palikuwa na vishimo vinne vidogo, vilivyokaribiana mno kuwa vya kitanda cha mtu mzima.

Nikajua ni mama aliyekuwa akimwendea mtoto mgonjwa. Mtu hakuniambia, lakini miguu yangu ilijua njia ile, kwa sababu nami niliwahi kuitembea kule Kadutu, kutoka kitandani kwangu hadi kwenye mkeka wa mtoto, kwenda na kurudi. Tofauti ni kwamba udongo hauweki alama kama mbao. Mtoto wa mwanamke yule kama alipona au hakupona, sikuwa na wa kumuuliza.

"Hiyo itatoka na rabo," fundi alisema, akionyesha kwa mkono namna ya kupiga randa.

"Uiache vile iko," nikamwambia.

Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilitaka kuwa na mwenzangu.

Mume wangu hakufurahi. Alipoziona zimepangwa uani, alizizunguka mikono ikiwa nyuma.

"Sasa tutaikala juu ya kilio ya batu benyewe hatujue?"

"Iko mbao mukavu," nikamjibu. "Kilio yetu inatosha, haina haja ya ingine."

Fundi alikuwa na desturi yake ya kazi. Alipozing'oa alikuwa ameandika kila ubao kwa mkaa upande wa chini, ili kila mmoja ulale tena kando ya mwenzake uliokatwa nao. Hivyo chumba cha watu kikaja kulala ndani ya saloni yetu, sebuleni, jinsi kilivyokuwa, na njia ile ikaja nayo. Ikaishia chini ya dirisha letu, na vile vishimo vinne mwisho wake.

Kabla mbao hazijapigiliwa, mama mkwe alifika kutoka Kabare kunisaidia wakati wa kujifungua. Alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, na alikuwa pia mtu wa kwao. Kila alipopewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alifanya ishara ya msalaba, kisha akamwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, ndipo naye akanywa. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo. Alisimama mlangoni akazitazama mbao.

"Sasa mimi nitamwanga wapi?"

"Mutamwanga inje, Mama. Kiwanja iko kubwa."

"Inje banamwangiwa bageni. Wa mu nyumba anapewa mu nyumba."

"Udongo hautaingia mu hii nyumba," nikasema. "Ulishakula mumoja."

Aliniita tu, kwa upole, kwa lile jina. Kwetu mwanamke akizaa huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe huwekwa kando. Binti yangu alipokufa, majirani waliacha kuniita hivyo. Wakarudi kwenye maman tu, au maîtresse, mwalimu, kwa huruma. Mama mkwe peke yake hakuacha. Kila aliponiita, nilisikia jina la mtoto likitoka kinywani mwake, na nilimchukia kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Siku fundi alipopiga misumari mimi nilikuwa maternite, nikijifungua. Niliporudi na mtoto wa kiume kifuani, sakafu ilikuwa tayari. Nilivua viatu nikasimama juu yake. Ilikuwa kavu. Nililia pale pale, mbele ya wageni, bila haya.

Sauti ilianza mtoto alipokuwa bado wa kubebwa. Mchana nilirudi kutoka shuleni nikajilaza naye, na mara nyingi wakati wa mvua nilisikia kutoka saloni: tok. Kimya kidogo. Tok. Ubao ulioinuka na kurudi. Nilipotoka, hapakuwa na mtu, ila kiti chini ya dirisha. Mama mkwe nilimkuta barazani na ungo wake wa maharagwe.

"Mama, munasikia?"

"Minasikia."

"Ni nini?"

"Ni nyumba. Nyumba iko na batu bake."

Nikafikiri ni yule mwanamke wa ziwani. Nilimwona akilini, ingawa uso sikuweza kumpa, akitoka kwenye mlango usiokuwapo tena kwenda kwenye kitanda kisichokuwapo tena. Nilikwenda parokiani nikaleta maji ya baraka, nikanyunyiza njia yote. Sauti haikujali. Nilimwita fundi. Alitembea huku na huku, akainama, akaweka sikio sakafuni akiwa na koti lake lile lile.

"Mbao inazoea baridi ya Cimpunda," akasema. "Kule ilizoea maziwa. Uiachie wakati."

Alimtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama maharagwe. Akapigilia misumari michache mahali penye msumari tayari, akaenda zake.

Kisha mtoto akaanza kutambaa, na mahali alipokwenda ni pale. Nikimweka karibu na mlango, nikimwekea kijiko na sufuria, aliviacha na kuifuata ile njia hadi chini ya dirisha. Alipiga ubao mmoja kwa kiganja. Alisubiri. Alicheka, cheko la mtoto anayechekeshwa na mwenzake. Siku moja alilaza shavu lake juu ya mbao akatulia hivyo kwa muda mrefu. Nilimnyakua hata akalia.

Ndipo ndugu wa mama mkwe akafa na yeye akarudi Kabare kwa ajili ya kilio. Siku zile sauti ikakoma. Ningepaswa kushukuru. Badala yake nilijilaza mchana nikisikiliza, na mvua ilinyesha, na saloni ilikuwa kimya namna ambayo sikuweza kuivumilia. Na ndani ya kimya kile mtoto wangu akakohoa.

Mama anakijua kikohozi. Hicho kilikuwa chenyewe, kile cha Kadutu. Nilipoinuka alikuwa amekwisha kutambaa hadi chini ya dirisha, amekaa juu ya ubao wake, anakohoa na kupiga kwa kiganja, na safari hii hacheki. Alikuwa kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe.

Nilimfunga mgongoni. Nikachukua nyundo na misumari ya mume wangu, nikapiga magoti. Nilikusudia kuupigilia ubao ule mpaka usiweze hata kupumua. Lakini nilipouegemea, upande wake wa pili uliinuka. Haukuwa na msumari hata mmoja. Haukuwahi kuwa nao. Nikauinua kwa vidole.

Chini yake udongo wa Cimpunda ni mwekundu. Katikati ya wekundu ule palikuwa na udongo mwingine, mweusi kwa majivu, uliowahi kung'arishwa, umebebwa kwa vipande na kupangwa upya kwa uangalifu. Mkono ulioukandika niliutambua, kwa kuwa ulikuwa wangu. Ulinuka kasiksi iliyokauka. Na ndani yake kulikuwa na kizibo cha bia, rangi imekwisha, ukingo mmoja umekwanguliwa ukawa mweupe.

Niliogopa kwanza. Halafu ikaja hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena maishani. Nilikuwa nimehama, nimezunguka na mimba, nimekwenda kununua chumba cha watu wengine ili niukimbie udongo ule, na udongo ule ulikuwa umenitangulia. Mtoto wangu wa pili alikuwa ametambaa juu yake miezi yote ile. Nilileta jembe na beseni. Niliazimia kuutupa wote mtaroni, mvua iushushe hadi ziwani.

Nilianza na kizibo. Nilikigusa tu kwa ukucha, pale pale alipokuwa akikigusa yeye. Kikatoka.

Nilikaa chini na kizibo mkononi, mtoto mgongoni, na beseni tupu mbele yangu, mpaka mume wangu alipoingia. Alitazama shimo, akanitazama, akauliza jambo moja tu, kama mtoto anakohoa. Tukampeleka dispensari kwenye mvua. Homa ilimshika na kumwachia, ikamshika tena, na mwishowe ikamwachia moja kwa moja. Alipona. Sikuushukuru udongo kwa hilo wala sikumlaumu mtu.

Mama mkwe aliporudi, ubao ulikuwa bado umeegeshwa ukutani na shimo liko wazi. Alikaa chini, akanyoosha miguu, hakujitetea.

"Mulihama, hamukumuita," akasema. "Kule Kadutu alibakia peke yake. Mutoto hawezi kujua njia ya Cimpunda. Nilimuletea fasi yake."

"Na mulimuambia fundi?"

"Fundi naye alizika."

Mtoto alikuwa mapajani mwake, akivuta rozari. Akaniita tena kwa jina lile, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliitika. Nilikirudisha kizibo mahali pake, nikakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikakaa. Misumari niliirudisha kwa mume wangu.

Mama mkwe naye amekwisha kwenda zamani, na sasa kasiksi namwaga mimi. Nafanya msalaba kwanza kama alivyofanya yeye. Zipo siku ambapo niko uani, nyumba haina mtu, na kutoka chini ya dirisha nasikia tok, kimya, tok. Siendi kumwita fundi. Naingia, napiga magoti mwisho wa njia ya yule mwanamke, ambayo miguu yangu imeichimba zaidi, nauinua ubao, namwita binti yangu kwa jina lake. Nikimaliza naurudisha polepole, nisije nikambana vidole.