Shetani wa Mzee Lazaro

Esnath alizaliwa na pua iliyomtesa. Kwao Kisiba ndugu zake walikunywa maziwa yoyote waliyopewa. Yeye, akisogeza kikombe tu, alijua kama kibuyu hakikuoshwa vizuri au kama aliyekamua alikuwa ametoka kuvuta tumbaku. Mama yake alimwita mwenye kinyaa, na wageni walicheka. Kinyaa hicho ndicho kilichokuja kumpa kazi. Alipofiwa na mumewe, ushirika wa wafugaji ulikuwa unatafuta mtu wa kupima maziwa, ukamchukua. Kwa miaka kumi na minne alisimama kwenye mlango wa kituo, aproni nyeupe kiunoni, mvua ikinyesha au ukungu ukiwa umemeza migomba yote, akipokea ndoo moja baada ya nyingine.

Alinusa kwanza. Kisha alitumbukiza kipimo cha kuelea, kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, ndipo akayachuja kwa kitambaa na kuyamimina tangini. Yaliyoharibika aliyarudisha mbele ya watu wote. Alimrudishia hata shemeji yake, wakanuniana mwaka mzima.

Mtu mmoja tu hakumpima. Mzee Lazaro alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la Biblia, mtu wa sauti laini, viatu vyake vimepigwa rangi hata siku za matope. Alipofika alisema, "Bwana asifiwe, mama Esnath," naye akajibu, "Amina," akachuja, akamimina. Aliona aibu kumtilia shaka mtu anayemfundisha Zaburi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, baada ya kuchuja ndoo ya Lazaro, kitambaani kilibaki kitu cheusi. Alidhani ni kipande cha jani. Alipoinamisha uso, kile kitu kikacheza. Kilikuwa kiluwiluwi, kichwa kimeviringana, mkia unapigapiga juu ya ule weupe, kizima kabisa. Alikimbilia nyuma ya kituo, akatapika chai yote ya asubuhi.

Aliporudi, Lazaro alikuwa bado amesimama palepale, kofia mkononi.

"Mzee, haya maji umechota wapi?"

"Maji gani, mama?"

"Chura hazaliwi kwenye chuchu ya ng'ombe."

Wafugaji waliokuwa kwenye foleni walisogea kutazama. Andongwisye, aliyepakana shamba na Lazaro, alisema polepole, kama mtu anayejilaumu, kwamba mara nyingi alimwona mzee ameinama kwenye mfereji ulio chini ya josho la ng'ombe. Alidhani ananawa.

Chini ya josho! Mfereji ule ulibeba mavi ya ng'ombe wa kijiji kizima na dawa ya kuulia kupe. Esnath aliifuta mikono yake kwenye aproni, akaifuta tena, na bado aliiona michafu. Alimkumbuka mjukuu wa jirani yake Atupokile, mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa akinyweshwa maziwa ya kituo. Wiki iliyotangulia alilazwa hospitali siku sita kwa kuhara na kutapika. Daktari hakusema ni maziwa. Tena Atupokile alikuwa akiyachemsha kila siku, lakini Esnath alijua kwamba dawa ya kupe haiondoki kwa kuchemshwa.

Jumapili iliyofuata Lazaro alitubu. Alipita mbele, akapiga magoti, akasema kwa ile sauti yake laini, "Wapendwa, shetani alinipitia." Watu wakaitikia, "Pole, baba." Mchungaji Boniface alimwinua na kumkumbatia, kwaya ikaanza kuimba, akina mama wakapiga vigelegele. Esnath, kwenye benchi la nne, alihisi ladha ya matapishi ikimpanda tena. Toba yenyewe hakuikataa. Kilichomchefua ni wepesi wake. Mtoto hakutajwa. Mfereji haukutajwa. Taka zote alitwishwa mtu asiyekuwepo, na mwenye ndoo akarudi kukaa akiwa msafi, anafuta machozi kwa leso iliyopigwa pasi.

Baada ya wiki mbili Lazaro alirudi kufundisha. Somo lilikuwa asili ya uovu, na shetani ni nani hasa. Alieleza vizuri, kama kawaida yake: kulikuwa na malaika mzuri kupita wote, akajiinua, akatupwa chini, na tangu hapo ndiye anayetuponza sisi wanadamu. Akawasomesha Isaya kumi na nne na Ezekieli ishirini na nane.

Sura hizo Esnath alikuwa amezisoma wiki nzima, kila alipotoka kituoni, Biblia iko mapajani na miguu iko karibu na jiko. Aliinua mkono.

"Mzee, naomba kuuliza. Isaya anasema maneno haya ni juu ya mfalme wa Babeli. Ezekieli anamwambia mfalme wa Tiro, tena anamwambia waziwazi kwamba yeye ni mwanadamu. Huyo malaika tunamsoma mstari gani?"

"Hayo ni mafumbo, mama. Nyuma ya mfalme alikuwepo shetani. Ukisoma Ufunuo utamwona, yule nyoka wa zamani."

"Ufunuo unamtaja, sikatai. Lakini Ezekieli anaeleza uovu wa huyu wa Tiro ulipoingilia. Anataja uchuuzi. Alikuwa mfanyabiashara, mzee. Alikuwa anauzia watu vitu."

Watu walianza kufunua Biblia zao kuutafuta mstari huo.

"Unataka kusema nini?" Lazaro aliuliza, na sauti haikuwa laini tena.

"Nataka kujua kule mferejini nyuma yako alikuwa nani. Ndoo uliishika kwa mkono wako, au kwa mkono wake?"

Mchungaji Boniface, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alisimama. "Mama Esnath, ndugu yetu amekwisha kusamehewa. Anayefukua yaliyosamehewa ni mshitaki, na wewe unajua Maandiko yanamwita nani mshitaki wa ndugu zetu."

Watu wengine waliguna. Esnath alielewa kwamba ameitwa shetani, kanisani, mchana kweupe, na aliyechota maji ya josho amekaa mbele na chaki mkononi. Alitamani kutoka. Akabaki, maana kulikuwa na jambo jingine lililomtia kinyaa kuliko Lazaro, na alikuwa amelibeba tangu siku ya kiluwiluwi.

"Basi nijishitaki mwenyewe," alisema. "Maziwa ya mzee huyu sikuyapima hata siku moja. Miaka yote minne tangu aanze kuyaleta. Niliogopa cheo chake, na nilipenda anavyoniita mama mbele za watu. Sikupitiwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu, nimelala vizuri, nimekunywa chai. Mtoto aliugua, na mlangoni nilikuwa mimi."

Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alichukua Biblia yake na mwavuli, akatoka.

Ushirika ulimpa barua ya onyo, akaitia saini bila kujitetea. Lazaro alifutwa kwenye orodha ya wafugaji, lakini darasani aliendelea kufundisha. Maziwa yake akawa anayapeleka Kiwira kwenye madumu, anawauzia watu wa barabarani wasiomjua. Wakikutana njiani bado humwambia, "Bwana asifiwe." Esnath hujibu, "Amina," kwa heshima ya Bwana, huku mkono wake ameuficha ndani ya aproni.

Siku ileile aliyotoka darasani alikwenda kwa Atupokile. Alimkuta jikoni anamenya ndizi, mtoto amefungwa mgongoni, shingo bado nyembamba. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, mvua inamlowesha mgongo. Atupokile alimsikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo unasema shetani hayupo?"

"Yupo. Ameandikwa. Lakini pale kituoni sikumwona, dada. Nilijiona mwenyewe."

Atupokile aliweka kisu chini, akamtazama kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

"Siku sita," alisema. "Nilikuwa nafua nepi zile kwa mikono yangu, na wewe ukaja kunipa pole, ukakaa kitandani, ukamshika mtoto."

"Nilikuja."

"Nenda nyumbani, Esnath. Leo siwezi kukuona."

Alikwenda.