Bomba la Povu la Mama Tamar

Ndege ya kanisa ilikuwa tayari uwanjani, na Daktari Valérie alikuwa na muda wa kufunga sanduku moja tu. Hata hivyo alimwita Tamar Monga, mwalimu wa biolojia katika shule ya Wamethodisti pale Kamina, akamsimamisha mbele ya aquarium, tangi la kioo la kufugia samaki, sebuleni kwake. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, mawe yaliyoota matumbawe laini, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Ilikuwa Agosti 1998. Vita vilikuwa vimeanza upya mashariki, na wageni walikuwa wakiondolewa.

"Ukishindwa, usijilaumu," daktari alisema. "Ni samaki tu."

Tamar aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakukubali. Alipomzaa binti yake Béthanie, damu ilimtoka ikakataa kukoma, na hospitalini hapakuwa na mtu mwingine wa kumfaa. Valérie alilala kwenye kitanda cha pili akatoa yake. Tangu siku ile Tamar alitembea na damu ya mwanamke yule mwilini, na hakuwahi kupata jambo la kumfanyia. Sasa alikuwa amelipata.

Waumini walimsaidia kuhamisha maji kwa bidon, madumu ya plastiki, na kioo kwa mkokoteni, na ile bahari ndogo ikakaa sebuleni kwa Tamar. Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha umeme, uliokuwa ukipotea na kurudi, ukarudi siku moja kwa kishindo na kuunguza mota ya kile chombo ambacho daktari alikiita écumeur. Lilikuwa bomba lililosimama kwenye pembe ya kioo. Hewa iliingia chini na kutoa vipovu vidogo. Uchafu na utelezi wa samaki ulinata kwenye vipovu hivyo, ukapanda navyo, ukamwagika kama povu katika kikombe cha juu. Bila chombo hicho maji yangeoza. Kuyabadilisha kungekula chumvi maalumu ya bahari, na daktari alikuwa ameacha gunia moja tu. Soko la Kamina halikuwa na chumvi ya namna hiyo hata wakati wa amani.

Maji yalipoanza kuwa ya manjano, Tamar alikwenda kwa Lazare Kazadi, fundi wa mabomba katika karakana ya reli. Treni zilikuwa chache siku hizo, naye alikuwa ameketi uani akinoa msumeno.

"Jambo, Papa Lazare."

"Jambo, Mama Béthanie. Sura yako haiko muzuri. Kuko nini?"

Alimweleza yote, akamwonyesha pampu ndogo ya hewa ya betri iliyobaki kati ya vitu vya daktari. Lazare alisikiliza hadi mwisho, kisha akachomoa tiyo, bomba la plastiki nene kama paja.

"Tutumie hii," alisema. "Yenye iko mukubwa njo itasafisha muzuri."

Tamar naye aliona kwamba bomba kubwa ndilo litakalosafisha vizuri. Walilikata, wakalifunga kikombe juu, wakaweka chini kipande cha mti laini cha kupitishia hewa itoke kwa vipovu. Lakini vipovu vilipanda vimetawanyika, vikapasukia katikati, na kikombe kikabaki kikavu. Siku zilipita. Tumbawe moja likajikunja, na samaki mmoja akawa anahemea juu ya maji. Jirani wa Tamar, Salomé, ambaye nyumba yake ilijaa ndugu waliokimbia vita, alimwuliza bila ukali kama huu ndio wakati wa kuhangaikia samaki. Tamar alirudi jikoni akiwa na aibu.

Alikuwa amebandika maharagwe ya ndugu haohao wa Salomé katika sufuria pana ya kanisa. Povu lake lilitandaa tu. Yale ya nyumbani kwake, katika chungu chembamba pembeni, yalikuwa yakipandisha povu hadi likazima moto. Tamar alisimama na mwiko mkononi, kisha akacheka peke yake.

"Papa Lazare," alisema alipofika kwake, "pampu yetu iko kidogo. Ile tiyo ni sufuria ya kanisa: povu inatandaa tu, haipandi."

Lazare alikata tiyo jembamba kama kidole gumba. Hapo wakakosea upande wa pili: povu jepesi lilibubujika bila kupumzika, kikombe kikajaa maji safi ya chumvi, ile chumvi waliyokuwa wakiibania. Lazare alizima pampu haraka, akakaa chini.

"Miye nilipima tiyo tu," alisema. "Tupime mayi, tupime pampu, tupime na chakula chenye weye unapatia samaki."

Walipima maji, hewa na chakula pamoja, Lazare kwa bidon, Tamar kwa saa ya mkononi. Chakula Tamar alikipunguza hadi chembe za dagaa zilizosagwa. Tiyo la tatu lilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Asubuhi kikombe kilikuwa na tope la kahawia linalonuka, na Tamar alilinusa kwa furaha kama mtu anayenusa mkate.

"Wafwako, Papa Lazare," alimwambia kwa Kiluba. "Wafwako sana."

"Usinishukuru. Tangu treni zipungue, hakuna muntu alinipatia kazi ya kufikiri."

Samaki mmoja alikufa hata hivyo. Mwingine alipona, na tumbawe likafunguka. Habari zikaenea, na akina mama kutoka Kabongo waliokuwa kwa Salomé wakaanza kuja jioni kukaa mbele ya kioo, wakinyonyesha. Salomé mwenyewe alikuja na kigoda chake.

Daktari Valérie alirudi katikati ya mwaka 1999. Alitazama kioo, akatazama kikombe chenye tope, kisha akamkumbatia Tamar.

"Nilikupa samaki tu," alisema.

"Ulinipa mengi kabla ya hapo, Dokta."

Valérie hakuichukua aquarium. Alisema imeshazoea nyumba. Kesho yake alikwenda kumsalimia Lazare, na Tamar aliwakuta uani wakibishana juu ya unene wa tiyo, kila mmoja akichora mchangani.