Kidole cha Glavu Nyekundu

Mnanisumbua nisimulie, kana kwamba aibu ni karanga za kugawana. Haya.

Kila msimu wa kutia kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, nilimcheka mkamwana wangu, Seon-yeong, kwa kuichanganya akiwa na glavu zake nyekundu za mpira. "Utamu uko mkononi, siyo kwenye mpira!" nilimwambia mbele ya mawifi zangu.

Siku ya kumkumbuka marehemu mume wangu, meza mpya ya tambiko ilikuja vipandevipande ndani ya boksi. Sikumngoja mtu. Nililazimisha skrubu kwa bisibisi kuukuu hadi kichwa chake kikalika, bisibisi ikawa inateleza tu. Mguu wa meza ulikaa upande, skrubu haiingii wala haitoki. Mawifi walishafika, na chakula cha marehemu hakina pa kuwekwa.

"Mama, ulikuwa unafunga au unapigana?" Seon-yeong akauliza.

"Nyamaza, itoe!"

Akakata kidole cha glavu yake nyekundu, akakitandaza juu ya skrubu, akakandamiza bisibisi na kuzungusha polepole. Mpira ukashika, skrubu ikatoka, akatia nyingine.

"Leo utamu uko kwenye mpira, Mama."

Mawifi wakaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya meza ileile.

Wewe unayesoma, mnunulie Seon-yeong glavu mpya umpelekee. Mimi naona haya.