Salamu za Papa Kwenye Simu ya Ofisi

Juzi, katika ofisi moja ya hapa Kisangani, katibu alibonyeza simu ya mezani asikilize ujumbe wa sauti kutoka kwa baba yake. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Lubunga.

"Mbote, mwanangu. Habari ya kazi?" Mzee akanyamaza, akingoja jibu. "Batoto iko muzuri?" Akangoja tena. Mashine ikamkata.

"Alors, papa hakusema kitu!" mwenzake akacheka.

Katibu alifuta machozi huku akitabasamu. "Alisema. Kama mama iko mubaya, papa hawezi kuuliza habari ya batoto."

Marehemu baba yangu naye, kukiwa hakuna baya, alisalimia nyumba nzima kwanza. Siku hizi wanaonipigia huanza na habari yenyewe, na kila simu hunishtua.