Nusu ya Hotuba ya Wifi Yangu

Wifi yangu hakununuliwa na mtu. Naanza hapo kwa sababu wiki iliyopita, tulipotoka kumzika, wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu walisemezana kwamba tajiri wake wa kazini angalau angelipia jeneza la maana kwa mtu aliyemtumikia vile. Sikugeuka. Mume wangu alikuwa karani wa mahakama, na nyumbani kwake hatukuzoea kujibizana na watu msibani. Lakini kuandika najua.

Alikuwa dada pekee wa mume wangu. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado wa kubebwa, kaka yake akamlea, nami nilipoolewa nilimkuta ndani kama mtoto wa nyumba. Shule aliiacha mapema kwa ajili ya kifua. Akajifunza cherehani, akaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha sare za shule, akapewa kola. Miaka yote hiyo, kola tu. "Nimevalisha shingo za mji mzima," alikuwa akisema, "na hakuna hata shingo moja iliyowahi kunisalimia."

Chumba cha cherehani kilikuwa ghorofani, madirisha yana nondo, mlango mmoja. Vitambaa vilikuwa vikipotea, basi tajiri akaamuru mlango ufungwe kwa ufunguo saa zote za kazi. Ufunguo alikaa nao msimamizi chini, ofisini. Aliyebanwa na haja aligonga mpaka asikike. Wenzake walilalamikia choo. Wifi aliogopa moto. Alikuwa akinieleza tukila: pasi haipoi kutwa, vipande vya kitambaa vimejaa miguuni, nyaya zimefungwafungwa kwa utepe. Hata akila, macho yalikuwa kwenye mlango ule.

Mume wangu alipofariki tulibaki wawili, na wifi akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima, kwenye shule ya msingi iliyo karibu nasi. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Karibu nusu ya darasa walikuwa wafanyakazi wenzake. Mwalimu, kijana mwenye adabu, akawaagiza kila mmoja atayarishe hotuba ya kushawishi juu ya jambo analotaka libadilike. Muda ni dakika chache, zinapimwa kwa simu yake; ikilia, umekwisha. Ukimaliza, wanaokubaliana nawe wanyooshe mikono. Wifi alirudi nyumbani uso umechangamka kuliko nilivyomwona tangu msiba. Mikono ikinyooshwa pale, alisema, kesho yake wataongozana wote kwa tajiri kukataa kufungiwa. Peke yake angefukuzwa. Kundi zima tajiri asingeweza kulifukuza.

Sasa nieleze desturi ya nyumba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mume wangu aliitoa mahakamani akaileta mezani. Ukitaka kumpinga mtu, kwanza umsemee upande wake, tena vizuri kuliko anavyoweza kujisemea, mpaka mwenyewe atikise kichwa. Ndipo unaruhusiwa kumjibu. Mtoto aliyekataa kuoga kwetu alilazimika kwanza kuyasifu maji. Wengine walituona tunajidai. Sisi tuliita malezi.

Wifi aliitayarisha hotuba yake hivyo hivyo. Mazoezi yalifanyika jikoni, mimi nimeketi kwenye kigoda nikiwa ndiyo darasa, saa ya mezani iko mapajani. Nusu ya kwanza alikuwa tajiri: tumbo mbele, vidole gumba kwenye mkanda, sauti ya mtu aliyeibiwa. Nusu ya pili aliwaambia wasikilizaji wafumbe macho, wainuke kwenye cherehani zao, moshi huu hapa, watembee mpaka mlangoni. "Sukumeni," alisema. "Sasa ngojeni msimamizi amalize chai yake." Hotuba iliishia hapo. Mimi si mtu wa kutetemeka, lakini nilinyanyuka nikaenda kuangalia jiko. Na ndani ya muda wa mwalimu iliingia sawasawa.

Siku yenyewe nilikuwepo, nimesimama nyuma. Alipoanza kuwa tajiri, darasa liliangua kicheko. Mtu akasema, "Ni yeye mtupu huyo," wakacheka upya, na wifi, ambaye jikoni hakuwahi kuchekewa, ilimbidi angoje watulie. Akaendelea. Wakacheka tena. Alieleza hasara ya majora yaliyopotea, sare zilizochelewa, mishahara iliyochelewa kwa sababu hiyo, mpaka nikaona watu wazima wanatikisa vichwa. Akashusha mikono, akanyoosha mgongo, akasema, "Sasa, ndugu zangu," na simu ya mwalimu ikalia.

Aliomba nafasi kidogo tu. Mwalimu alimjibu kwa heshima, "Mama, nikikupa wewe, na wenzako nitawanyima vipi?" Kisha akauliza nani anakubaliana na msemaji. Mikono ikanyooshwa, mingi, mingine kwa utani. Wifi alibaki ameshika ubao wa dawati.

Njiani alisema neno moja. "Wifi, walicheka sana."

Asubuhi mkataji wa vitambaa, ambaye naye alikuwa darasani, alimfikishia tajiri habari. Wifi akaitwa ofisini. Alijaribu kueleza kwamba hotuba haikuisha, kwamba kulikuwa na nusu nyingine. Tajiri alimcheka. "Hiyo nusu ya kwanza imenitosha," akasema, na palepale akamfanya msimamizi wa ghorofani na kumkabidhi ufunguo.

Aliupokea. Hapo ndipo midomo ilipoanzia, na hapo ndipo nataka kusikilizwa. Aliniambia jioni ile kwamba akikataa atapewa mkataji, naye atafunga kweli. Basi akaupokea, akauleta nyumbani, akautundika kwenye msumari jikoni kwangu. Haukurudi kiwandani tena. Usiku mlinzi alifunga geti la chini, kwa hiyo mlango wa juu hakuna aliyeuangalia. Mchana wifi aliurudishia mlango tu, bila kuufunga. Meza yake ilikuwa pembeni ya mlango, na aliyetaka kutoka alimwomba yeye. Yeye aliinuka, akachomeka ufunguo wa kabati langu la nguo, akauchezesha kwenye kitasa kwa kelele, akafungua mlango ambao haukuwa umefungwa.

Hakuweza kumwambia mtu. Lililosemwa mbele ya mkataji lilifika ofisini kabla ya chai. Wenzake walimwita Wakili. "Wakili, tuombee dhamana twende chooni." Kwa wiki chache wale aliokula nao chakula cha mchana walihamia upande wa pili wa chumba. Nilimwambia avumilie. Alinijibu kwamba anavumilia, ila kola zimekuwa nyingi siku hizi, hana wa kupiga naye soga.

Moto ulipotokea, tajiri alikuwa amemwita chini kupokea majora. Ulianzia kwenye meza ya pasi. Hakuna aliyeushika mlango. Walijua umefungwa, na mwenye ufunguo hayupo, wote wakakimbilia madirishani kwenye nondo. Wifi alipanda ngazi, akaminya kitasa, akaingia. Alipiga kelele kwamba mlango uko wazi. Aliowafikia aliwavuta nje mmoja mmoja, mpaka nyama ya viganja vyake ikaondoka. Wanne, waliokuwa dirisha la mwisho, hakuwafikia.

Waliookoka walisema walichokiona: Wakili alikuja kufungua watu walipokwisha kuungua. Polisi walipookota kitasa, ulimi wake ulikuwa ndani, yaani hakikuwa kimefungwa, watu wakasema ni kweli, aliufungua, ila kwa kuchelewa. Mimi nilipoletewa habari ya moto nilikuwa jikoni. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, mbele ya macho yangu.

Nilitaka kwenda siku ileile kuwaeleza. Wifi alinizuia, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

"Ukiwaambia ulikuwa wazi, mama zao wale wanne watalala vipi?" alisema. "Waache wanichukie mimi. Hilo wataliweza."

Nilimtii. Aliishi nami akiwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Muuza duka alimwekea chenji juu ya meza ili asimguse. Mwalimu alikuja kumwomba arudi darasani, wifi akamshukuru na kumsindikiza mpaka nje. Kisha kifua kilekile cha utotoni kikamrudia, naye hakukibishia. Mazishini hakuja mtu wa kiwandani hata mmoja.

Alinizuia akiwa hai, na akiwa hai sikusema. Sasa jina lake ni mali ya nyumba hii, na nyumba hii ninaisimamia mimi. Mlango ulikuwa wazi.

Tangu nilipoanza kuwaeleza ndugu zetu, mama wa mmoja wa wale wanne amenitumia mtu mara mbili. Anataka kujua mwanawe alikuwa mbali kiasi gani na mlango. Wifi alijua, na aliniambia. Simwambii. Wala ninyi msinitumie mtu.