Shetani Asiyekula Ndagala

Sinema yetu hapa Baraka ni chumba cha mabati chenye benchi za mbao. Filamu za kigeni anatutafsiria papo hapo kijana mmoja mwenye mikrofoni. Ile iliyopendwa muhula uliopita ilikuwa ya kuchekesha: wasichana wawili wa sekondari wanalala chumba kimoja, mmoja malaika, mwingine shetani, wote wamevaa iniforme ileile. Malaika anafeli hesabu. Shetani anamgeuza prefe, mkuu wa shule, kuwa mbuzi. Kijana akatuambia namna ya kumjua shetani: hali ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, hata umkaangie vipi.

Nilicheka mpaka nikafika nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na mgeni, msichana wa rika langu kutoka juu milimani, kwa watu wa ng'ombe. Mama alimpokea kupitia kanisa ili asomee huku chini, na tulilala kitanda kimoja. Mpaka siku ile sikuwa nimejali kwamba ndagala zikiletwa mezani yeye anachukua bugali na maharagwe tu. Sasa nikaanza kumwangalia. Kucha zake. Kivuli chake. Namna anavyocheka peke yake akisoma. Kitandani nikahamia upande wa mlango, nikimbie vizuri.

Mimi kusema kunanishinda, lakini mama aliona. Akaniambia jikoni kwamba kama siwezi kukaa na mwenzangu niseme wazi, kanisa limpeleke kwa familia nyingine. Iliyokuwa tayari kumpokea ilikaa kule Nundu, mbali, na shule ya huku ingekuwa imekwisha kwake. Nikajibu nitafikiri. Kusema kweli, nilitaka aende.

Jioni ile nikamsogezea mwenyewe sahani ya ndagala, nikamkazia macho.

"Dada, kwetu hatukulaka samaki," alisema. "We unanichunguza nini kila siku?"

Nikamwambia yote, malaika, mbuzi, ndagala. Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo. Hakucheka. Alitaka tu kumsikia huyo mwenye mikrofoni.

Jumamosi mchana tukaenda. Filamu ileile, kijana yuleyule. Tulipofika pale pa kumjua shetani, nikashika benchi. Kijana akasema shetani utamjua kwa ukimya: hasalimii watu, anaangalia chini, mwalimu akimuuliza jina anajibu kwa kunong'ona.

Watu wakacheka. Yule alikuwa mimi mzima. Mgeni wetu akageuka akanitazama polepole, kuanzia viatu.

"Juzi alisema ndagala," nikamwambia.

"Juzi," akajibu.

Njia nzima alitembea hatua kidogo nyuma yangu, na nikajua hayo macho mgongoni ni ya namna gani, maana ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Nikaingia moja kwa moja jikoni nikamwambia mama kwamba mwenzangu abaki.

Nilipokwenda chumbani, nilikuta mto wake umeshahama.

"Leo mi njo nitalala karibu na mlango," alisema.

Nilimtazama nione kama anatania. Hakutabasamu.