Wiki Waliyompima Winchi

Mume wangu masikio anayo, ila ni ya kupokea sifa tu. Ukimshauri hasikii. Ukimsifu, anasikia hata akiwa ndani ya ghala na mashine zinanguruma. Simsengenyi; nimemwambia usoni mara nyingi, na sasa hivi yuko chumbani amelala, ananisikia.

Kazini walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Ni kiwanda cha chakula cha mifugo: mahindi, pumba na mashudu yanaingia mlango huu, yanasagwa na kuchanganywa, yanatokea mlango ule kwenye magunia ya kilo hamsini. Mimi nilikuwa nashona midomo ya magunia. Yeye na wapakiaji wenzake waliyabeba begani kutoka kwangu hadi ghalani, wakapanda nayo ubao ulioegemezwa kwenye rundo, wakayapanga mpaka karibu na bati. Walikuwa na sheria yao: gunia likishapanda begani halishuki mpaka lifike. Ukilishusha njiani, hata kama umeteguka, ghala zima litapiga kelele, "Kashusha huyooo!" na utaitwa bibi harusi mpaka uchoke mwenyewe. Winchi hakuwahi kushusha.

Nyumbani, lakini, shati nilimvua mimi. Viatu nilimvalisha mimi. Akitaka kugeuka kitandani, anashika kwanza ukingo, anavuta pumzi, ndiyo anageuka. Nilimburuta hadi hospitali. Daktari akatazama picha ya mgongo, akasema pingili za chini zimelika. "Mzee, ukiendelea na magunia, utaishia kitandani."

Winchi akamshukuru, akavaa, kesho yake akaenda kazini. Nilipopiga kelele akaniuliza, "Nikiacha magunia, nitashika nini? Sindano yako?" Kweli, kazi nyepesi kiwandani kwetu haikuwepo.

Basi tuliposikia kiwanda kinataka kununua mashine ya kubebea mizigo, nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye benchi langu.

Akaja mhandisi, binti mdogo, buti kubwa kuliko miguu yake. Hakuwa na maringo. Alipima mlango, akapima njia kati ya marundo, akagonga sakafu kwa kisigino. Foklifti aliikataa mapema: mlango mfupi, sakafu imepasuka, mashine nzito namna ile ingetitia. Toroli la jeki, lile la kusukuma kwa mkono, lingefaa chini tu. Kupandisha magunia juu ya rundo haliwezi. Akasema dawa ya ghala lile ni mkanda wa mpira unaozungushwa na mota. Mtu anaweka gunia chini, linapanda lenyewe, wenzake wanalipokea juu.

"Na atahitajika mtu mzoefu wa kusimama kwenye swichi," aliniambia alipokuja kunywa maji kwangu. "Mumeo angefaa sana, mama."

Nilitamani kumkumbatia. Mume wangu kusimama kwenye swichi! Mgongo ungepona, au angalau usingezidi kuharibika.

Kilichobaki ni bosi. Bosi wetu si mtu mbaya, ila ana mkono wa birika. Alisema hanunui kitu mpaka aonyeshwe kwamba mkanda utawashinda watu. Kwa hiyo binti akaambiwa awapime wapakiaji wiki nzima, wanapakia magunia mangapi kwa siku, wakifanya kazi yao ya kawaida, kisha alinganishe.

Jioni hiyo, nikiwa namchua mgongo, nikamwambia, "Baba watoto, wiki hii fanyeni kazi kama siku zote. Ukichoka, kaa. Ukiumwa, sema unaumwa."

"Yaani nijilegeze mbele ya mtoto wa kike?"

"Nani kasema ujilegeze? Uwe kama ulivyo tu."

"Ndivyo nilivyo," akasema, na hapo hata kulala upande wa pili alikuwa hawezi.

Jumatatu walikuja kazini kama wanaenda kucheza fainali. Mwenzake mmoja, tunamwita Kifupi, alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. "Leo mashine itajua haijui!" alikuwa akipiga kelele. Magunia yalinyakuliwa kwangu hata uzi sijakata. Siku za kawaida hao watu hukaa juu ya magunia wakapiga soga, wakanitania, wakanywa maji polepole. Wiki ile hakuna aliyekaa. Wanaume wazima, na akili zao, wanashindana na mashine ambayo hata haijanunuliwa!

Katikati ya wiki nikamwona Winchi ametoka ghalani, ameshika ukuta, uso umepauka. Binti akamfuata.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu."

"Mgongo je? Niambie tu. Nikimweleza bosi kwamba watu wanaumia, mkanda atanunua."

"Mgongo upi, huu?" Akajipiga ngumi kiunoni, meno yote nje. "Huu ni chuma!"

"Mwongo huyo!" nikaropoka. "Muulize viatu anavalishwa na nani!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. "Shemeji, usimwonee wivu mwenzio," Kifupi akasema. "Mapenzi ya viatu mmalizane nyumbani." Binti akanitazama mimi, akamtazama mume wangu, na mume wangu alikuwa tayari ana gunia begani, anakimbia nalo. Wewe ungemwamini nani?

Wiki ilipoisha bosi akaja kusomewa majibu. Wapakiaji walikuwa wamefika pale ambapo mkanda ungefika, na wakapita kidogo. Bosi akacheka, akampiga Winchi begani. "Sasa ninunue mkanda wa nini, na winchi ninayo?"

Makofi, vigelegele, miluzi. Mume wangu alisimama katikati yao amenyooka wima; sijui alinyookaje. Binti alikunja utepe wake wa kupimia akaondoka. Mimi nilikuwa na hasira mpaka nikajidunga sindano kidoleni.

Kilichofuata mtu yeyote angekiona, isipokuwa wao. Msimamizi akasema kasi ile ndiyo itakuwa ya kila siku. "Si mliweza?" Wakaanza kuiita kipimo cha Winchi, mwanzoni kwa kujisifu, baadaye kwa kulaani. Winchi mwenyewe hakudumu nayo. Akiwa katikati ya ubao, gunia begani, miguu ilikataa. Hakushusha hata hapo. Alianguka nalo, na kiunoni kwake kukasikika mlio wa kitu kukatika.

Tangu siku hiyo mguu mmoja una ganzi, na mwingine ni wa kubembeleza. Kiwandani wakampa mkono wa kwaheri, nafasi yake akaingia mtu mwingine.

Halafu Kifupi akaja kumtazama. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Nikaona naye anasimama upande upande.

"Kaka, tunakwisha kule," akasema. "Wawili wameshaacha kazi, na mimi usiku silali. Nenda kwa bosi. Wewe atakusikiliza. Mwambie ile wiki haikuwa kweli."

"Nimwambie sikuweza?"

"Mwambie hatukuweza."

Winchi akashika ukingo wa kitanda. Nilijua atakataa, na maneno ya kumpa nilikuwa nayo tayari mdomoni. Akasema, "Mama watoto, nipe shati."

Tulimshika, Kifupi huku, mimi huku. Bosi akafurahi kumwona. "Winchi wangu!" Mume wangu alibaki wima, maana akikaa hatainuka. Akasema yale ambayo maisha yangu yote naye sijawahi kumsikia akisema.

"Bosi, ile wiki tulijikaza. Mgongo wangu ulikuwa umeshaharibika kabla. Binti aliniuliza, nikamdanganya. Hakuna binadamu wa kuiweza ile kazi kila siku. Wanunulie wenzangu mkanda."

Bosi akakuna kidevu. "Pole sana, mzee. Lakini nasikia ulipoulizwa ulisema mgongo chuma, tena mbele ya watu. Leo umeshatoka kazini ndiyo unasema ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Mtu akikusikia atasema unatafuta fidia."

"Mimi sitaki kitu."

"Ndivyo wanavyosema wote." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. "Halafu wenzako wanapakia mpaka leo. Ingekuwa haiwezekani, wangepakiaje?"

Nilimweleza bosi huyo alivyo, yeye na ukoo wake, mpaka mlinzi akaja kunitoa. Kifupi akageuka kwenda ghalani. Ana watoto, na zamu yake ilikuwa imeshaanza.

Nyumbani nilimkalisha Winchi kitandani, nikainua mguu mmoja, nikaulaza, nikainua wa pili. Alikuwa anatazama dari.

"Niliposema uongo," akasema, "waliniamini wote."

"Wakati ule ulikuwa bado na mgongo wa kuwabebea," nikamjibu.